Tulivyokwenda Kulizika Gari la Mzaramo

Tangu nirudi, kila apitaye barazani kwangu ana swali moja tu: "Bi Kalunde, ni kweli uliingia kaburini?" Nimesimulia mpaka koo limenikauka. Anayesikia leo anamwambia mwenziwe kesho, na kesho kutwa ninarudishiwa hadithi yangu imeota mikia. Majuzi muuza maandazi ameniambia mimi mwenyewe kwamba nilizikwa nikafukuliwa. Basi nimeketi niandike, shoga zangu wa mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, mjisomee, na asiyejua kusoma asomewe. Habari za kibali na foleni ya petroli siandiki, kila mtu anazo za kwake.

Kaburini niliingia, tena kwa miguu yangu mwenyewe. Lakini tuanze na gari.

Gari lenyewe, na salamu kutoka ng'ambo ya Kaliua

Gari langu mnalijua, maana mnalisikia kabla hamjaliona. Ni Landrova kuukuu aliyoniachia marehemu mume wangu Salum, pamoja na mizinga ya nyuki msituni na wanunuzi wa nta. Alipofariki, wengi walikuja kunipa pole huku jicho moja likiwa kwenye gari. Sikuliuza. Salum alinifundisha kuliendesha kwa sababu alipenda kusinzia njiani, na kulitengeneza kwa sababu hakupenda kulala chini yake peke yake. Tangi likivuja, ninasugua kipande cha sabuni ya kufulia mpaka tundu lizibe. Springi ikikatika, ninaifunga kwa mipira ya tyubu kuukuu. Rejeta ikichemka ninakaa kando na kungoja, sifungui kifuniko kama wale wanaume wanaojiunguza nyuso mbele ya wake zao.

Kitu kimoja tu kilinishinda, difu ya mbele. Kwa msiojua, difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli, lenye meno ndani, linalogawa nguvu kwa gurudumu la kulia na la kushoto. Gari langu linazo mbili, ndiyo maana magurudumu yote manne huvuta. Ya mbele ilisagika meno masika ya mwaka juzi. Nikaifungua shafti inayoipelekea nguvu, nikaitundika ukutani ukumbini, na tangu hapo gari likawa linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kiangazi hilo si neno. Masika, njia ya kwenda mizingani ni mbuga ya udongo mweusi, na udongo ule haubembelezwi kwa magurudumu mawili. Msimu uliopita sikufika kabisa. Nyegere walivuna badala yangu, wakashiba, nami nikauza sufuria zangu mbili za shaba. Msimu mwingine wa namna ile ungekuwa mwisho wa biashara yangu, na hilo nilikuwa nalijua kila nilipolala na kila nilipoamka.

Vipuri dukani hakuna. Ukiuliza unaonyeshwa rafu tupu na mwenye duka anakuuliza wewe kama umesikia vimeingia wapi.

Lakini nilijua difu moja nzima ilipo. Ilikuwa kwa Mzee Pazi, rafiki wa marehemu, Mzaramo aliyekuja huku zamani akiendesha gari la idara ya misitu, akaoa, akasahau nazi. Siku hizi anakaa katika kijiji kipya cha ujamaa, mbele ya Kaliua, kwenye kijito kinachomwaga maji upande wa Malagarasi. Alikuwa na Landrova ndugu wa la kwangu. Injini ilimpasukia, gari likabaki uani kwake, kuku wakatagia ndani. Nilimwomba difu mara nyingi, na kila mara alinitukana, kama ilivyo haki yake. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe mabegani. Mzee Pazi akiniona huniita mpagazi, nami humwita mpiga ngoma asiye na shamba. Neno la kweli kati yetu halijapata kusemwa bila kuvikwa tusi.

Basi mwezi uliopita mama mmoja aliyeshuka treni akaniletea salamu: "Mzee Pazi anasema gari lake linazikwa kabla ya mvua. Kama Mnyamwezi anataka matumbo yake, aje kabla ya udongo."

Mlikuwapo, mnakumbuka tulivyocheka. Mama yule alipokuwa anarudi nikamtuma: "Mwambie alivishe sanda nzuri. Mimi nitakuja siku ya arobaini."

Nilielewa hivi: mzee amelainika, anataka kunipa difu, ila hawezi kusema kama watu wengine. Nikaanza kujitayarisha taratibu, bila pupa.

Tabora hadi Usoke

Nilisafiri na wifi yangu Tatu, dada wa marehemu. Tatu haendeshi gari, hajui kufungua hata boneti, lakini ana sauti, na barabarani sauti ni kipuri. Tulipanga kuondoka Jumamosi. Jumamosi tangi likavuja, sabuni ikaisha, na sabuni nayo ni kitu cha kutafutwa siku hizi, kwa hiyo tuliondoka Jumapili asubuhi. Shafti nimeiteremsha ukutani na kuifunga juu ya turubali, na kapu la matobolwa, vile viazi vitamu vikavu, na karanga liko miguuni mwa Tatu. Matobolwa yalipungua kabla hatujauacha mji.

Barabara ile ndiyo njia ya misafara ya zamani ya kwenda Ujiji. Babu zetu walikwenda kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani, na nadhani walifika mapema kuliko sisi. Nilikuwa ninaendesha polepole kwa ajili ya springi, Tatu akinisimulia nani kaolewa na nani na kwa nini hatadumu.

Jumapili, kama mjuavyo, magari yetu ya binafsi mwisho saa nane mchana, kwa amri ya kubana petroli. Saa nane ilitukuta Usoke, mbele ya kijana wa mgambo mwenye fimbo na saa kubwa ya mkononi.

"Dereva yuko wapi?" akauliza.

"Unazungumza naye."

Akachungulia nyuma. Akainama akachungulia chini ya gari. "Mama, sitaki mchezo. Dereva kakimbilia wapi?"

"Mwanangu," Tatu akamwambia, "kama kuna mwanamume amejificha katika gari hili, mtoe, huyu ni mjane."

Kijana akaona haya, lakini sheria ni sheria, tukalala Usoke. Akatupeleka mwenyewe kwa Mama Yusta, mkulima wa tumbaku, Mkristo wa Moraviani, mwenye nyumba pana na moyo mpana kuliko nyumba. Tulimkuta anamwagilia vitalu vyake. Alitupokea kama ndugu, akatuonyesha bani lake la kukaushia tumbaku, akanilalamikia bei, nami nikamlalamikia nyegere.

Jioni ikaletwa ugali wa muhogo, nsansa, yaani majani ya mboga yaliyokaushwa, zilizoungwa kwa karanga, na kuku mzima. Nikamwona Tatu anamtazama yule kuku na kumeza mate. Alikuwa anajiuliza kachinjwa na nani, na hakutaka kumwuliza mwenyeji wetu asije akamvunja moyo. Akasema, "Mimi tumbo limenivuruga, nitakula mboga." Mama Yusta akainuka mara ile ile, akarudi na kikombe cha mizizi iliyochemshwa, nyeusi, chungu hata harufu yake. Akasimama mbele yake mpaka akainywa yote.

Kisha akaketi na kuniambia, "Karibu kuku, dada. Nilimwita jirani yangu Hamisi aje awachinjie, nikijua ninyi ni Waislamu."

Nilikula paja. Nikala na paja la pili, kwa niaba ya wifi yangu, huku yeye akinitazama kwa macho ambayo siwezi kuyaandika hapa. Dawa ile ilifanya kazi yake usiku kucha, na Tatu tangu siku hiyo huuliza swali lake mapema.

Usoke hadi Kaliua

Siku ya pili tulipita Urambo, na mbele ya Urambo tukasimamishwa kwenye kizuizi cha mbung'o. Mzee wa kizuizi alikuwa na kinyavu mkononi na dharau usoni. Aliagiza gari liingie bandani, akalizunguka akiwinda inzi mmoja mmoja, akimpata anamponda kwa ukucha na kumwonyesha Tatu maiti yake.

Alipofika mbele akainama. "Shafti ya hapa iko wapi?"

"Juu ya turubali."

"Shafti haivuti ikiwa juu ya turubali."

"Ninaipeleka ikafanyiwe harusi, mzee."

Hakucheka. Alitushika pale muda mrefu kwa kosa la kumjibu, na tulipoachiwa jua lilikuwa limekwisha kuwa kali na mchanga umelegea. Si mbali sana toka hapo springi ya nyuma ikakatika jani moja. Nilishuka, nikaingia chini, nikaifunga kwa mipira. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli alisimama akanipa ushauri toka mwanzo wa kazi hadi mwisho, kila neno likiwa kosa, kisha akasema, "Tumemaliza," akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Tukalala njiani, na Kaliua tulifika jioni ya siku iliyofuata, tumechoka, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Karibu na stesheni tukawakuta wanawake wamekaa juu ya mizigo yao, majembe yamelazwa pembeni. Waliniamkia "mwadila," nikawaitikia. Nikawauliza kulikoni, jembe na safari.

Mmoja wao, Mama Kabula, mwanamke mrefu mwenye meno mazuri, akajibu: "Tunakwenda msibani."

"Poleni. Nani amefariki?"

"Gari."

Tatu akacheka. Wale wanawake hawakucheka. Mama Kabula akanieleza kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana. Masika iliyopita, katika kijiji cha Mzee Pazi, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa alibebwa kwa kitanda mpaka kando ya kijito ili avushwe kwenda zahanati. Kijito kilikuwa kimejaa. Walikaa pale naye wakingoja maji yapungue, na hayakupungua. Walirudi na maiti mbili. Sasa kijiji kinajenga daraja. Mbao zipo, magogo yapo, chuma cha kubeba hakuna. Mzee Pazi akasema, chukueni chesi, ule uti wa mgongo wa gari langu, ndicho chuma kirefu kuliko vyote hapa, kilazeni juu ya kijito, na ekseli zake mzifukie kwenye kingo ziwe miguu. Vijiji jirani vyote vimeitwa kuja kusaidia.

"Lini?" nikauliza.

"Kesho. Limekwisha vuliwa bodi. Kesho linashushwa na kufukiwa, mvua imekaribia." Kisha akaongeza, bila kujua anazungumza na nani: "Mzee alingoja kidogo. Alisema yuko Mnyamwezi mmoja wa Tabora anayetaka vyuma vya ndani. Lakini huyo akajibu kwamba atakuja arobaini, basi tukajua hataki."

Shoga zangu, sikilizeni. Mtani wangu alikuwa amenieleza ukweli mtupu, neno kwa neno, nami nikacheka. Nilimjibu utani, naye akauchukua kuwa jibu. Miaka yote ile ya kutukanana, na siku moja tu iliyokuwa ya maana kila mmoja wetu alikosea upande.

"Mtapanda kwangu," niliwaambia wale wanawake. "Kesho alfajiri tunaondoka wote. Mnajua kusukuma?"

"Tunajua kulima," Mama Kabula akasema. "Kusukuma ni kazi ndogo."

Kaliua hadi kijitoni

Siwezi kusema niliendesha vizuri kipande kile. Niliendesha kwa hasira, na gari kuukuu halipendi hasira. Alfajiri lilikataa kuwaka kwa betri, tukaliwasha kwa hendeli, Mama Kabula akizungusha kwa mkono mmoja. Nyuma wamekaa wanawake na majembe yao, wanaimba. Mbele Tatu anasoma kila aya anayoikumbuka. Mawingu yalikuwa yamejipanga upande wa magharibi, meusi kwa chini.

Tulikwama kwenye mchanga wa bonde la kwanza. Wanawake wakaruka, wakachimba mbele ya magurudumu kwa majembe, wakakata matawi, wakasukuma. Tukakwama bonde la pili. Pale magurudumu ya nyuma yalizunguka mpaka yakazama hadi kwenye ekseli, na yale ya mbele yametulia tu, hayana habari, kama wageni waalikwa. Nilishuka nikaliangalia, nikasema maneno ambayo Tatu aliniombea msamaha wake papo hapo. Yangevuta yote manne, tungepita pale kwa gia ndogo bila mtu kushuka.

"Wifi," Tatu akaniambia, "kasirika ukiwa unachimba."

Nikachimba. Tukatoka. Tulipoikaribia miti ya kijiji tukasikia ngoma, na nikajua Mzaramo wangu anazika kwa heshima zote.

Kaburini

Kijito chenyewe ni chembamba, mtu mwenye miguu mirefu angedhani anaweza kukiruka, lakini kina ni kirefu na kingo zake zinateleza. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili. Chesi ilikuwa imekwisha kulazwa juu ya maji. Ekseli ya nyuma ng'ambo ile ilikuwa imekwisha kufukiwa, haionekani. Upande wetu, ekseli ya mbele ilikuwa ndani ya shimo, na udongo wa kwanza ulikuwa umeanza kuingia. Bonge la difu bado lilionekana, jeusi, zima, na vijana wenye sepetu wamesimama juu yake.

Mzee Pazi alikuwa ameketi kwenye gogo, amevaa kanzu safi na kofia. Aliponiona aliinuka nusu, kisha akaketi tena. Uso wake ulikuwa umechoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitukana.

Nilikwenda moja kwa moja kwa katibu wa tawi, kijana mgeni wa mikoa ya kaskazini, mwenye fulana nadhifu na filimbi. Nikamweleza kwa adabu, kwa Kiswahili cha ofisini, hali yangu, kazi yangu, difu yangu, mchango wa asali katika uchumi wa taifa. Alinisikiliza vizuri.

"Mama, ninakuelewa," akasema. "Lakini hawa watu wametoka vijiji vingapi? Mvua ile pale. Kazi ya kufungua vyuma ni ya siku nzima, na mwaka jana hapa alikufa mtu. Ndugu zangu, endeleeni kufukia."

Na haki ilikuwa yake. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba haki ilikuwa yake. Sepetu zikainuliwa. Nikamtazama Mzee Pazi, naye akanitazama, na nikaona anangoja kitu. Ndipo nikaona upumbavu wangu. Nimekuja msibani kwa mtani wangu, na badala ya kufanya kazi yangu ya utani ninahutubia kama afisa!

Nikavua viatu. Nikajifunga kanga kichwani, nikapiga ukunga uliowashtua kunguru, nikakimbia nikaingia shimoni. Nikalala juu ya ekseli, nikaikumbatia difu kwa mikono miwili.

"Uuuwi! Mume wangu! Mmemuua mume wangu!" nililia. "Mzaramo amemlisha mchanga kwa kuwa hana nazi ya kumpikia! Hazikwi! Nasema hazikwi mpaka nipewe urithi wangu!"

Kicheko kikapasuka pande zote mbili za kijito. Vijana wakatupa sepetu chini. Katibu akapuliza filimbi, akasogea ukingoni. "Mama, toka humo tafadhali. Vijana, mtoeni."

Hakuna aliyesogea. Mama Kabula akamwambia kwa upole, "Ndugu katibu, huyo ni mtani. Mtani akiingia kaburini hatolewi kwa nguvu. Ukimgusa, hata daraja litakuwa la nuksi. Hutoka kwa kupewa."

Mzee Pazi alikuwa amekwisha simama. Uso wake ulikuwa umefunguka. Alikuja mpaka ukingoni, akaweka mikono kiunoni.

"Mpagazi wewe!" akanguruma. "Si ulisema utakuja arobaini? Arobaini ndiyo leo? Hata kuhesabu hamjui, mlizoea kuhesabiwa na wenye mizigo!"

"Nimekuja mapema kwa kuwa nilijua utalia peke yako! Mzaramo na maiti wapi na wapi, ninyi mkisikia ngoma mnaacha jeneza njiani!"

"Unataka nini humo ndani?"

"Nataka moyo wake. Huu hapa."

"Na mimi daraja langu libaki na shimo kifuani? Udongo uingie, litikisike? Utaacha nini, mpagazi? Mnyamwezi hachukui mzigo bila kutua mwingine."

Nikasimama, tope mpaka kifuani. "Nitakuachia wa kwangu. Meno yake yamekwisha, lakini ni chuma kile kile na matundu yale yale. Kwa kulala chini hahitaji meno."

Hapo utani ukakoma kidogo. Mzee Pazi aliyatazama mawingu, akamtazama katibu, na kwa sauti ya kawaida akasema: "Vijana waweke magogo toka ng'ambo ile kuja huku. Wakifika hapa, sisi tutakuwa tumemaliza. Tusipomaliza, tutafukia na Mnyamwezi humo humo." Katibu alitazama umati wake unaocheka, akaiweka filimbi mfukoni. Kijana yule ana akili, atafika mbali.

Tukafanya kazi. Mzee Pazi shimoni, mimi chini ya gari langu. Bolti zilizoshika kutu alizipiga nyundo akizitaja kwa majina ya watani wake waliomdhulumu. Tatu alibeba spana huku na huku, na kila mara alileta isiyo yake. Nilipoishusha difu yangu ya zamani, Mzee Pazi akaja kuipokea. Kulikuwa na waya umefungwa kwenye shingo yake, mafundo matatu ya kijinga ambayo Salum alikuwa akifungia kila kitu, hata magunia. Mzee aliyagusa kwa kidole.

"Mkono wa Salum," akasema.

"Ndiyo."

"Hakujua kufunga fundo, marehemu."

"Hakujua kabisa," nikasema, na machozi yakanitoka, ya kweli sasa, yakachanganyika na oili. Aliiingiza difu ile katika ekseli ya gari lake mwenyewe, kwa mikono yake, akaibana kama gari linalokwenda safari kesho. Kisha akashika udongo wa kwanza akautupa, na vijana wakaja na sepetu.

Ya kwake ilipoingia katika gari langu iliketi kama imezaliwa humo. Tukafunga shafti. Matone ya kwanza yakaanza wakati magogo yanafungwa na udongo unashindiliwa juu, na muda si muda mvua yenyewe ikaja. Hakuna aliyekimbia. Katibu akasema daraja lazima lijaribiwe, na watu wakanigeukia.

Niliwasha gari. Nikashika ile gia ya magurudumu ya mbele, iliyokuwa imeganda kwa kutotumika, nikaiingiza. Ng'ambo ile ukingo ulikuwa umekuwa tope tupu, na nilitamani sana kuupanda mwenyewe. Ndipo Mzee Pazi akafungua mlango wa upande wangu. Alisimama tu mvuani, kanzu imemgandia mwilini, anautazama usukani.

Tangu Salum afariki hakuna mtu mwingine aliyeketi pale. Ndugu zake wameomba, mafundi wameomba, nimewanyima wote.

Nikasogea.

Alipanda, akapapasa pedali kwa miguu, akaliachia gari taratibu juu ya daraja. Magogo yalilia kidogo, chuma kilichokuwa chini hakikutikisika. Tulifika ng'ambo, akatia gia ndogo, na magurudumu yote manne yakauma tope lile na kutupandisha juu bila kuteleza hata shubiri. Watu walipiga vigelegele, Tatu akiwashinda wote. Mzee Pazi akageuza, akarudi upande wa pili. Akageuza tena, akavuka tena. Mara ya tatu katibu akaniuliza kwa ishara, mzee ana nini? Petroli ilikuwa chache, na ya kunirudisha Tabora sikuwa na hakika nayo. Nilimwachia tu avuke.